Betri Chini ya Kitanda cha Mama

Jirani zangu, sogeeni niwaambie, na mwenye chai yake anywe huku anasikiliza. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu una pini tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo nikipata nafasi ya kusema huwa nasema yote. Leo nasema habari za nyumbani kwetu wenyewe. Ukimsema jirani wanakuita mmbea, lakini ukijisema mwenyewe nani atakukamata?

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na baraza. Anaishi mama yetu, ambaye alipooza upande wa kushoto, mguu ukabaki ganzi. Anaishi mdogo wangu wa kiume na mkewe. Barazani nipo mimi na cherehani yangu. Mdogo wangu anaendesha pikipiki ya abiria, na kijiweni wanamwita Manyoya, kwa sababu kila kitu kwenye pikipiki yake anataka kiwe chepesi. Aling'oa keria, akang'oa na vyuma vya kukinga miguu, hata kishikio cha funguo alikitupa. Angeruhusiwa, angeng'oa na abiria.

Jumamosi asubuhi kwetu palikuwa patulivu. Mama anaota jua kwenye kiti chake, mimi napiga pindo sare za shule, wifi yangu amechuchumaa kando ya pikipiki na chupa ya maji ya betri. Hiyo ilikuwa kazi yake kila Jumamosi: anafungua vifuniko sita, anamimina, anafunga, anafuta, na muda wote anaimba. Siku hiyo aliacha kuimba katikati.

"Wifi," akaniita, "hii betri inakunywa kuliko sote humu ndani. Jumamosi iliyopita nimeijaza, tazama, imekauka tena. Na hii ni betri ya tatu."

"Mwambie mwenyewe," nikajibu na pini zangu mdomoni.

Mwenyewe akatoka ndani anafunga kofia. "Ndiyo maana naitupa," akasema. "Nahamia betri ya lithiamu. Unaibeba kwa vidole viwili, haijui maji wala tindikali. Mke wangu, chupa yako hiyo kawekee mafuta ya taa."

Wifi yangu si mtu wa kelele, lakini akishika jambo, ameshika. Hakubishana. Alivuka barabara akarudi na fundi wa pikipiki, mzee wa maneno machache ambaye nadhani hata salamu anaipima kwanza. Fundi akagusisha waya za mita yake kwenye betri, akamwambia Manyoya awashe na apandishe mwendo wa injini. Mshale ukapanda, ukapitiliza.

"Betri haina kosa," fundi akasema. "Regulata yako imekufa. Hicho ndicho kifaa kinachozuia umeme wa injini usizidi. Sasa unaingia kwenye betri bila kipimo. Betri ya maji inavumilia: inachemka, inakauka, mkeo anaijaza. Lithiamu haivumilii."

"Kwa hiyo nisiinunue?"

"Inunue! Ni kitu kizuri, hata mimi ninayo. Lakini regulata kwanza. Na chaja yake kwanza. Ile chaja yako ya kuamsha betri zilizokufa, usiisogeze karibu nayo."

"Ngoja, fundi. Kumbe ndiyo maana taa zangu zinawaka kushinda za kijiwe kizima?"

"Ndiyo. Na ndiyo maana balbu zako zinaungua kila mwezi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshukuru. Mdogo wangu alicheka. "Fundi bwana! Kila mgonjwa akifika kwako lazima alazwe." Kumbe alizipenda zile taa. Ugonjwa wa pikipiki yake alikuwa ameufanya sifa, akatamba nao barabarani, na sasa anaambiwa autibu! Hakutaka.

Siku ya tatu alikuja na lithiamu. Alimwekea Mama mapajani, na Mama akainyanyua kwa mkono wake mmoja mzima. "Hii betri au mche wa sabuni?" akauliza, tukacheka sote. Na mimi nilicheka, siwafichi. Wifi peke yake hakucheka.

"Regulata umefunga?"

"Nitafunga."

Jamani, hilo neno nitafunga! Nitafanya, nitaenda, nitarekebisha. Nyumba ngapi zimebomoka kwa neno hilo? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tunalijua hilo tangu utotoni, lakini tunaendelea na nitafanya zetu.

Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri. Anagusa kitufe, pikipiki inaitikia. Anapita barazani kwangu akipiga honi ili nimwone. Wiki ya tatu kifuniko cha ubavuni kikakataa kufunga. Wifi akachungulia.

"Mume wangu, betri imevimba."

"Kifuniko kimepindwa na jua."

"Imevimba. Nina macho."

"Mke wangu, wewe ulizoea kumimina maji. Sasa umekosa kazi, unatafuta kosa."

Neno lile lilimchoma, nililiona usoni mwake. Akamtazama mumewe akikifunga kifuniko kwa mpira wa tyubu. Kesho yake alikwenda kwa fundi, akatoa akiba yake ya vitumbua anavyouza, akaagiza regulata. Fundi akamwambia itafika Alhamisi. Kumbukeni siku hiyo, Alhamisi.

Jumatano mchana pikipiki ilikataa kuwaka. Fundi alikuwa pale ng'ambo ya barabara, hatua thelathini. Manyoya angeisukuma tu. Lakini aibu! Angeanzaje kumwambia mzee yule kwamba ulisema kweli? Akaichomoa betri, akaifunga ndani ya jaketi kama anaiba kwake mwenyewe, akapita nayo nyuma yangu. Mimi nilikuwa nimeinamia mkono wa blauzi, sikumwona. Chumbani kwao mkewe angeiona. Chumba cha Mama kina soketi kando ya kitanda. Akaisukuma betri uvunguni, akaiunga na ile chaja ya kuamsha wafu.

"Mama, usimwambie mtu," akamnong'oneza. "Ni muda mfupi tu."

"Nitamwambia nani, mwanangu? Nakwenda wapi mimi?"

Akaazima pikipiki ya mwenzake, akaenda zake kubeba abiria.

Haikupita nusu saa nikasikia Mama ananiita. "We binti! Leo kitanda changu kina joto zuri. Mgongo wangu unashukuru."

"Ni jua, Mama," nikapaza sauti. "Limehamia dirishani kwako."

Mungu anisamehe. Nilisema hivyo, nikashona mkono wa pili wa blauzi.

Kisha nikanusa harufu tamu tamu, kama rangi ya kucha. Nikasema moyoni, leo wifi anajipamba. Kumbe wifi yuko uani anaanika nguo, na harufu ile imemfikia kwa dirisha la Mama. Yeye hakufikiria kucha. Aliangusha beseni, akanipita mbio, na mimi nikainuka nikamfuata bila kujua namfuata kwa nini. Chumbani kwa Mama kulikuwa na mlio kama sufuria ya shinikizo inayopumua, na moshi mweupe unamwagika kutoka uvunguni.

Wifi alizima swichi kuu ya umeme mlangoni kabla hajaingia. Mimi nisingekumbuka. "Wifi, shika shuka!" akapiga kelele. "Upande wa kichwa! Vuta!"

Mama yetu si mwanamke mdogo. Tulimvuta na shuka lake, akatua sakafuni na godoro nusu, tukamkokota ukumbini huku anakohoa, magoti yangu yamechubuka yote. Hatujafika uani tukasikia kishindo nyuma yetu, na godoro likashika moto. Nikageuka nirudi, dawa za Mama ziko mle ndani. Wifi akanikamata gauni.

"Mama yuko nje! Mengine acha!"

Majirani wakaja na ndoo, wakamwaga maji kwa dirishani. Fundi alifika akihema, akawakataza wote kuingia kwenye ule moshi, hata wale waliotaka ushujaa. Moto ulikula kitanda, godoro, kabati na nusu ya dari, ukaisha.

Uani Mama alikuwa ametulia kuliko sisi. "Mbona mnanitazama mguu?" akauliza.

Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limeungua, ngozi imejaa malengelenge, shuka limegandia. Hakuwa amesikia chochote. Joto la mgongo alilisikia akalifurahia, na mguu wake ulikuwa unaungua muda huohuo. "Mguu huu siku hizi hauniambii kitu," akasema. Hapo mimi nililia kama mtoto.

Manyoya alikuja na pikipiki ya watu, akaitupa chini njiani bila kuisimamisha. Mkewe hakumtukana. Alimwonyesha Mama kwa kidole tu. Manyoya akapiga magoti.

"Nilijua imevimba, Mama. Nilijua tangu juzi. Niliogopa fundi ataniambia, si nilikwambia?"

Mama alimshika kichwa kwa ule mkono mmoja. "Kwa hiyo, mwanangu, aibu yako ukaona uiweke chini ya kitanda changu."

Hakuongeza neno. Ningekuwa mimi ningeongeza, na ningeongeza mengi.

Kidonda kilichukua wiki sita. Gari halifiki mpaka mlango wa zahanati, kuna ngazi nyingi, na mdogo wangu, aliyetaka kila kitu kiwe chepesi, alimbeba Mama mgongoni kila siku ya kufungwa kidonda, kupanda na kushuka. Hakuna siku aliyosema amechoka.

Alhamisi ile regulata ilifika kama fundi alivyoahidi, siku moja tu tukiwa tumechelewa. Wifi aliiweka mezani mbele ya mumewe. "Pikipiki haitoki," akasema, "mpaka hii iwe imefungwa na mimi nimeona mita kwa macho yangu. Tukilala na njaa, tutalala."

Ilifungwa. Taa zikarudi kuwaka kama za wenzake. Kijiweni wakamtania: "Manyoya, leo umewasha kibatari?" Akawajibu, "Ndivyo zinavyotakiwa kuwaka. Na wewe yako njoo ipimwe." Wawili walikwenda kwa fundi, na mmoja akakutwa na ugonjwa uleule.

Betri je? Alinunua lithiamu tena, na wifi ndiye aliyesema anunue. Safari hii ilikuja na chaja yake. Ikihitaji kuchajiwa inakaa barazani juu ya sakafu ya saruji, mbele ya macho yangu, na mimi siondoki. Jumamosi wifi bado anachuchumaa kando ya pikipiki, ila sasa ameshika mita badala ya chupa. Na anaimba.

FUNZO, TULICHUKUE SOTE

Msitoke hapa mkasema lithiamu ni mbaya. Betri haikuwa na kosa, ya maji wala hii. Unapobadilisha kitu kilichokufa, uliza kwanza kilikufa kwa nini, maana ugonjwa ukibaki, hicho kipya nacho utakiua. Wake zenu na wakubwa zenu wakiwaambia wameona kasoro, wasikilizeni. Anayeshika kitu kila wiki anakijua kuliko anayekipanda tu. Kitu kilichovimba usikichaji, kitoe nje. Na aibu, jamani, aibu ya kukiri kosa inauma siku moja tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu kifo kilifika mpaka uvunguni, na mwanamke mwenye pua nzuri na miguu myepesi akakikimbilia.

Na mimi ninalo langu. Mgonjwa akikuita, inuka ukaone. Usimjibu ukiwa umekaa.

Kila jioni sasa, kabla ya kula, mdogo wangu anaingia kwa Mama, anapiga magoti, anapitisha kiganja chini ya godoro, kichwani mpaka miguuni.

"Hakuna joto, Mama."

"Haya, mwanangu. Tuleteeni chakula."