Mkono wa Kumi na Moja

Siku hiyo walitoka zamu walinzi kumi, na kidirisha cha ghala kikapokea bastola kumi na moja.

Mama Ghala aliligundua hilo baada ya kufunga, alipoanza kuzipanga rafuni. Alihesabu kwa macho, akahesabu tena kwa kidole, akakaa. Mtu aliyetunza silaha za kampuni ya ulinzi miaka kumi na minne anaweza kusahau siku yake ya kuzaliwa, lakini hakosei kuhesabu hadi kumi.

Kidirisha chenyewe kilikuwa mwanya mwembamba uliokatwa kwenye bati la chuma, usawa wa kifua. Mkono unapita, uso hauonekani. Mlinzi akitoka zamu huchomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, husukuma bastola ndani na kutaja namba yake. Aliye ndani hutazama mkono, husema "Nimepokea", kisha huikagua silaha na kutia alama kitabuni. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini neno ukilisema kila siku, zamu baada ya zamu, kwa miaka kumi na minne, mdomo hujisemea wenyewe huku macho yako kitabuni. Mama Ghala alikuwa amepokea mikono kumi na moja bila kutazama hata mmoja.

Ya kumi na moja ilikuwa namba saba. Ilikuwa imelowa, na nje jua lilikuwa linachoma.

Namba saba ilikuwa bastola ya mume wake. Alikufa nayo mkononi mwaka mmoja nyuma, mlangoni pa duka la sonara, kwenye mvua, majambazi wanne wakimkabili. Ripoti ya kampuni ilisema silaha ilikwama. Aliyeandika ripoti alikuwa mkuu wa operesheni, mdogo wake marehemu, shemeji yake Mama Ghala. Ndiye aliyeifungia namba saba kwenye kabati la chuma na kumwambia mjane kwa huruma kabisa, "Usiifungue, shemeji. Utajiumiza roho bure."

Hakuifungua. Angeifunguaje? Yeye ndiye aliyeisafisha asubuhi ile. Mwaka mzima alilala na kuamka na jambo hilo moja: mikono yangu imemuua mume wangu.

Alichukua ufunguo, akafungua kabati. Lilikuwa tupu. Akairudisha namba saba ndani, akafunga, akajiambia ni utani wa Kobe.

Kobe alikuwa mlinzi mkongwe, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake. "Mimi?" alisema kesho yake, mkono kifuani. "Mama Ghala, nitanie na silaha ya rafiki yangu? Na ufunguo ningeutoa wapi? Funguo ziko mbili tu, wako na wa mkuu."

Jambo lililokuwa midomoni mwa wote wiki hiyo lilikuwa jingine. Muuza silaha mmoja alikuwa tayari kubadilishana, moja kwa moja: bastola zote kumi na mbili za magazini, namba saba na ya akiba zikiwemo, kwa rivolva kumi na mbili, bastola za silinda inayozunguka. Shemeji aliitaka biashara hiyo ifungwe Ijumaa, na bila sahihi ya mtunza ghala haikufungika.

"Rivolva haikwami," alimwambia Mama Ghala akiwa mezani kwake, akila chakula chake, kama alivyofanya karibu kila siku tangu msiba. Saa yake ya mkononi aliivaa kioo kikiwa upande wa kiganja, na kila alipoumega mkate ilimmulika Mama Ghala machoni. "Haina magazini, haina springi ya kuchoka. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, silinda inakuletea nyingine. Kaka angekuwa nayo, leo tungekuwa naye hapa."

Binti wa Mama Ghala aliacha kula. "Ni kweli, Baba Mdogo?"

"Kweli, mwanangu."

Kobe hakukubali hata kidogo. "Risasi sita!" alilalamika kwenye foleni ya kidirisha. "Hizi zetu zina kumi na tatu. Sita zikiisha nifanye nini, niwaombe majambazi wasubiri nikijaza moja moja? Vidole vyenyewe hivi, sindano naipitisha uzi kwa siku mbili."

Walinzi walicheka. Mama Ghala hakucheka. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba atatia sahihi. Afadhali sita zinazolipuka kuliko kumi na tatu zilizokwama.

Saa nane mchana siku hiyo ya pili, zamu ilipotoka, alitazama kila mkono. Alipokea kumi, kisha wa kumi na moja ukaingia.

Kwanza ilikuja harufu, ya sare iliyolowa na sabuni ya kunyolea. Halafu mlio wa pete ikigonga bati, tik, tik, kama mume wake alivyogonga kila siku kumjulisha kuwa ni yeye. Kisha mkono wenyewe, mkono wa kulia, kucha ya kidole cha mwisho haipo, maji yakichuruzika kutoka kwenye mkunjo wa shati hadi kitabuni, na namba saba imelala kiganjani. Hakuna namba iliyotajwa. Mkono ulingoja tu.

"Bismillahi," alinong'ona Mama Ghala. Hakusema neno lile. Lakini alikuwa ameshalisema jana, na lililokwisha kutoka halirudi. Bastola ikawekwa taratibu, mkono ukaondoka.

Alikimbia nje. Alimkuta Kobe peke yake akifunga viatu, na kwenye sakafu kavu hakukuwa na hata tone.

Siku ya Jumatano ndipo alipoisikia. Alikuwa ameketi mezani, mchana kweupe, feni ikizunguka, redio ya mapokezi ikisikika kwa mbali, namba saba ikiwa imefungwa kabatini na ufunguo ukiwa shingoni mwake, ndipo ndani ya kabati kitu kikalia ta, mlio mdogo mkavu, halafu ukafuata mlio wa chuma kikivutwa nyuma na kuachiwa, krrak, na kitu kidogo kizito kikadondoka na kubiringika, halafu tena ta, na tena krrak, na tena kikadondoka, na nyuma ya milio hiyo kulikuwa na pumzi, pumzi za mtu anayefanya haraka, anayejitahidi asitetemeke, anayefuata kila hatua aliyofundishwa na bado kifo kinamjia kwa miguu, ta, krrak, ta, krrak, mara nne Mama Ghala alihesabu huku ameziba mdomo kwa viganja viwili, na baada ya ile ta ya tano mlio wa kuvuta haukuja tena, kikasikika kishindo cha mwili kuanguka, kisha mvua.

Alibaki pale hadi jasho likamkauka. Alikuwa fundi, na masikio ya fundi hayakuogopa pamoja naye. Yalikuwa yakimwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Bastola iliyokwama ni bubu. Risasi imekaa upande, chuma hakirudi mahali pake, ukivuta kifyatulio hupati kitu. Ile haikuwa imekwama. Ilikuwa inalia ta, na risasi haikulipuka.

Alimwambia shemeji kuhusu mkono. Kuhusu mlio alinyamaza, na hata yeye hakujua kwa nini.

Shemeji alikunja uso. "Hilo ni jini, shemeji. Limejifanya kaka. Kesho nakuletea mtu wa kulitoa, na Ijumaa vyuma hivi viondoke vyote."

Mganga alikuja Alhamisi, mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi kama wa wakili. Alifukiza ubani, akazunguka ghala, akaweka sikio kwenye kabati. Alikaa hivyo muda mrefu, akijibu kwa kutikisa kichwa, kama anaongea na mtu simuni. Kisha akamgeukia Mama Ghala.

"Alikukabidhi na ukasema umepokea?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapa kwenu mkishapokea silaha, mnafanya nini?"

"Tunaikagua."

"Hii umeikagua?"

Mama Ghala alilitazama kabati. Shemeji ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ambayo haikuhitajika katika chumba kidogo vile. "Mzee, tumekuita utoe, hatukukuita uulize maswali!"

Mganga alifunga mkoba wake. "Siwezi kumtoa aliyekuja kazini," alisema kwa upole, na mlangoni akamnong'oneza Mama Ghala, "Mwenzio amemaliza sehemu yake, mama. Anangoja yako."

Ijumaa muuza silaha alifika na sanduku. Rivolva kumi na mbili zilipangwa mezani, nyeusi, nzito, nzuri. Mama Ghala aliinua moja, akazungusha silinda, akavuta kifyatulio. Kilikuwa kigumu, lakini kilikuja. Kwa kweli zilikuwa silaha nzuri, na kama mume wake angeuawa na springi iliyochoka, angezichukua zote siku hiyo hiyo.

Shemeji alimsogezea karatasi na kalamu. Kobe alikuwa amesimama mlangoni.

"Naikagua kwanza namba saba," alisema Mama Ghala.

"Ya nini? Inaondoka!"

"Nimeipokea. Naikagua."

Aliichomoa magazini. Risasi ndani zilikuwa nane. Alifungua chuma cha juu, na mahali pa risasi palikuwa na moja iliyokaa sawasawa. Jumla tisa, kati ya kumi na tatu alizompa mume wake asubuhi ile. Nne zilikuwa zimetupwa nje, moja baada ya nyingine, na mtu aliyekuwa akijaribu. Aliitazama ile ya tisa kitakoni, pale inapopigwa. Haikuwa na alama hata ya kuguswa. Mikono yake ilifungua bastola yenyewe, kipande kwa kipande, mpaka akaitoa pini, kile kijiti cha chuma kinachoipiga risasi, akaiweka kwenye kitambaa cheupe.

Muuza silaha aliinama. "Hii haikuvunjika," alisema. "Imekatwa ncha kwa tupa. Ona inavyong'aa."

Ndipo Mama Ghala akakumbuka yale maneno ya sonara matangani, ambayo aliyaacha yapite kwa sababu ya kilio: mumeo aliwaelekezea bastola, na wale watu wakacheka, wakaendelea kuja. Walicheka kwa sababu walijua. Akamkumbuka na shemeji akirudi ghalani asubuhi ile ya msiba, silaha zikiwa zimeshasafishwa, ufunguo wake mkononi, akisema anasahihisha namba moja kitabuni.

Alimtazama. Hakuwa na hasira bado, hasira ilikuja baadaye, usiku, nayo haijaondoka. Wakati ule alihisi kuibiwa tu. Aliibiwa mume, kisha akaibiwa hata huzuni yake, akapewa hatia ya mtu mwingine aibebe.

"Mwaka mzima," alisema. "Unakula kwangu. Unaniona nikiosha mikono hii hadi ichubuke, nawe unaniambia ongeza mchuzi."

"Shemeji, tukazungumze nyumbani..."

"Mwanangu anakuita baba."

Shemeji aliugeukia mlango. Kobe, ambaye hakuwahi kuonekana akifanya jambo lolote haraka, alikuwa ameshaufunga na kuuegemea.

Polisi walimchukua kabla ya saa sita. Alikiri fungu lake la dhahabu ya sonara, akataja majina ya wale wanne. Mama Ghala hakutia sahihi. Rivolva zilirudi sandukuni, bastola zikabaki rafuni. Hizo hazikuwa zimemsaliti mtu.

Saa nane mchana mkono wa kumi na moja uliingia, mtupu. Mama Ghala alifungua kitabu, akaandika mbele ya namba saba: imepokewa, imekaguliwa, haikukwama. Aliugusa. Ulikuwa mkavu na wa moto, kama mkono wa mtu aliyetoka juani. Pete ikagonga bati, tik, tik, na tangu siku hiyo haikugonga tena. Alilia hadi zamu ya jioni, na kilio hicho kilimfaa.

Mngeniacha niishie hapo, ningeishia hapo.

Miezi mitatu baadaye ilikuja habari kwamba shemeji amefariki mahabusu, amekutwa asubuhi, macho wazi. Mama Ghala hakwenda kuzika. Kesho yake walitoka zamu walinzi kumi, akatazama mikono kumi, akapokea bastola kumi, akanyoosha mkono afunge kidirisha, na kidirisha hakikufungika.

Mkono ulikuwa umeingia hadi kwenye kiwiko. Saa ilivaliwa kioo kikiwa upande wa kiganja. Ulifumbuka polepole, na katikati ya kiganja kulikuwa na kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele, ncha ya pini, inang'aa.

"Shemeji," ilinong'ona sauti nyuma ya bati. "Nipokelee. Ni kizito."

Mama Ghala aliutazama vizuri mkono huo, kama kanuni inavyotaka.

"Sipokei," alisema.

Mkono haukuondoka. Upo hadi leo. Kila saa nane mchana walinzi husukuma silaha zao kando yake bila kuuona, wakishangaa tu kwa nini mwanya huo siku hizi ni wa baridi, na Mama Ghala hupokea kumi, hukagua kumi, kisha hulibana bati juu ya mkono wa kumi na moja, lifungike lisifungike, na kwenda nyumbani kumpikia binti yake.