Nguzo Tatu za Reinel

"Kwangua tena hapo, don Arcesio," alisema Nubiola.

Fundi mzee akakwangua rangi ya kijani kwa ncha ya panga. Nguzo ya mwanzi ikamwaga unga mweupe hadi kwenye viatu vyake.

"Nyumba hii ina miaka themanini, bibie. Ila hizi nguzo tatu za baraza la nyuma hazijamaliza hata miezi mitatu. Zimekatwa mwezi wa angani ukikua! Mwanzi ukikatwa hivyo unabaki na utamu, wadudu wanafanya karamu, wanabakiza unga huu."

"Nani kaziweka?"

"Muulize mwenye rangi ya kijani kwenye buti."

Nubiola akageuka. Reinel, mchumba wake, alikuwa anaangalia migomba ya jirani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona leo.

Miaka minane huyu dada aliogesha wazee wa watu Madrid, apate nyumba ya shambani hapa Filandia, milimani Kolombia, aolewe humo. Ijumaa walikuwa wasaini mkataba wa kuinunua. Kwenye simu yake bado kulikuwa na ujumbe wa Reinel: *Nyumba ni nzima mpenzi. Rangi na vigae tu, peso milioni kumi na mbili zinatosha.*

"Don Arcesio, gharama ya kweli?"

"Paa lote la nyuma limekalia hizi nguzo. Milioni arobaini na tano. Na jikoni sijafika."

Baada ya kulipia nyumba angebaki na milioni kumi na tano. Machozi yakamtoka palepale.

"Reinel, ulijua?"

"Nilijua za zamani zimeoza. Nikamwomba mwenye nyumba nizibadilishe kabla hujafika."

"Ukapaka rangi nisione!"

"Uliandika kama nyumba imeoza unarudi Madrid! Ungeongeza miaka mingine minne kule. Nilichanganyikiwa, Nubiola."

"Miaka minane umenisubiri. Ukashindwa kusubiri mwezi upungue?"

Reinel akaanza kubandua rangi ya kijani kwenye buti. Mwanaume mzima, aliyezaliwa kwenye mianzi!

Jioni akapata ujumbe wa Nubiola: *Ijumaa siendi kusaini. Usinipigie.*

Hakupiga. Nubiola alikaa kwa dada yake akiangalia bei za tiketi za ndege, halafu anaangalia simu, halafu anajichukia kwa kuiangalia.

Siku ya kumi, alfajiri, simu ikalia. Don Arcesio.

"Bibie, shuka huku mtoni kwenye mianzi. Mwezi umepungua."

"Na mimi inanihusu nini?"

"Njoo uone mwenyewe, nimechoka kuwa mshenga."

Alimkuta Reinel ana shoka, amelowa umande hadi kiunoni. Mianzi kumi na moja iliyokatwa ilisimama wima juu ya mawe, majani yake bado yapo, ijichuje maji na utamu taratibu.

"Inakaa hivi wiki tatu," Reinel alisema bila kumtazama.

"Nyumba ikinunuliwa na mwingine je?"

"Atapata nguzo nzuri. Sikukata ili ununue."

"Ulikata ili iweje?"

"Ili angalau kimoja nikifanye sawasawa." Akaweka shoka chini. "Na jikoni kunavuja. Nilihamishia kabati pale usione."

"Kingine?"

"Ukuta wa chumba kitakachokuwa chetu umepasuka, nyuma ya ile picha ya Bikira."

"Umemtuma Bikira akufichie uongo!"

"Nimeshamwomba radhi."

Don Arcesio akakohoa kuficha kicheko. Nubiola hakucheka, ingawa mdomo ulitaka.

"Kingine, Reinel?"

"Naogopa. Kila ukishika simu nadhani unanunua tiketi."

"Nilikuwa naangalia bei."

"Najua."

Ilimuuma kusikia hivyo, ikamuuma zaidi kwamba bado anampenda. Akavua koti, akashika mwanzi wa kumi na mbili, uliokuwa bado umelala chini.

"Shika huko mwisho, tuusimamishe. Tukimaliza, don Arcesio anakagua upya, kila ukuta, na mwenye nyumba apunguze bei. Asipopunguza, tunatafuta nyingine."

"Tunatafuta? Sisi?"

"Inua kwanza."

Wakainua, wakausimamisha juu ya jiwe.

"Na harusi?" akauliza Reinel.

Nubiola akapangusa mikono kwenye sketi.

"Nayo isimame wiki tatu. Nione kama itatoa unga."