Rejeksi Iliyomwita Runji

Kama una sahani mkononi, iweke chini kwanza, maana mambo ya Wambeti si ya kusikilizwa mtu akitafuna.

Yalianza na chai. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la mbegu pale Runyenjes, na siku hiyo chai ya saa kumi ilikuja na utando mnene wa manjano, kama mafuta ya nyama iliyolala. Wambeti akautoa kwa kijiko. Ukarudi. Mwenzake Kivuti akanusa kikombe chake, akakisukuma mbali.

"Aki hii maziwa imeoza," akasema.

Lakini ilikuwa chai ya rangi. Tone la maziwa halikuwemo.

Kazi ya Wambeti ilikuwa kujaribu tovuti kabla wenyewe hawajaitumia. Safari hii ilikuwa tovuti ya wauza maziwa, na alitakiwa kuifanya kompyuta ijidai ni mamia ya wakulima wanaoingia kwa pamoja. Kila mkulima wa bandia akiingia, ukurasa humpa msimbo wa siri, na mashine sharti iuchomoe humo ndani ya ukurasa na kuurudisha, la sivyo mlango haufunguki. Kuchomoa huko hufanywa na rejeksi, mstari wa alama unaoiambia mashine: anzia hapa, chukua kinachofuata, koma pale.

Sasa, wakulima wa bandia wanahitaji majina. Mwenye akili timamu angeyabuni. Wambeti, mjamzito wa miezi minane, miguu imevimba na hamu ya kufikiri imekwisha, aliielekeza rejeksi yake kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo, ikayachomoa majina yote.

"Majina ya wafu?" Kivuti akauliza. "Na hiyo tumbo?"

"Wafu hawalalamiki," akajibu, akacheka.

Mjinga! Mtu wa Embu kabisa, aliyepewa jina la nyanya yake kama tulivyopewa sote, ajitie hajui kwamba huku kwetu jina ni mwito, na mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo amerudi nyumbani.

Akaiwasha mashine, ikaanza kuita. Misimbo ikaja, herufi na tarakimu zisizo na maana, kama inavyotakiwa. Kisha mahali pa msimbo pakatokea maneno: NIKO NJIANI. Wambeti akaufungua ukurasa wenyewe, akaupekua mstari kwa mstari. Maneno hayo hayakuwemo. Rejeksi ilikuwa imechomoa kitu ambacho ukurasa haukuwa nacho. Akaendesha tena. NIMEFIKA MLANGONI. Mkulima wa bandia aliyerudishiwa maneno hayo alikuwa Runji, mzee wa Siakago aliyekaa mochari muda mrefu watu wake wakigombania pa kumzika.

"Zima," Kivuti akanong'ona. "Wambeti, zima hiyo kitu."

Akazima, lakini harufu ilikuwa imeshaingia, dawa ya mochari iliyochanganyika na maziwa yaliyoganda, na vidole vyake vilipogusa kibodi vikateleza, kwa kuwa kutoka chini ya kila kitufe ulikuwa unachuruzika ute mweupe wenye nywele fupi za mvi, nao ukampanda hadi viganjani, una joto, joto la kitu kilicho hai, na tumboni mtoto akajipinda taratibu upande mmoja, kama mtu anayesogea kitandani kumpisha mwenzake.

Jioni hiyo mumewe, Njiru, akampeleka kwa Cucu Angeline, nyanya wa mtaa mzima, mkunga mzee anayeombea watu kanisani na anayejua pia yale yasiyosemwa kanisani.

"Uliita hilo jina mara ngapi?" Cucu akauliza kwa sauti ya chini.

"Si mimi, cucu. Ni mashine."

"Mashine iko na tumbo?"

Wambeti akafunika tumbo kwa mikono miwili.

Angeline akamtemea mate tumboni, kama wazee wanavyobariki, akamwambia mgeni kwamba humu mna mwenyewe, arudi alikotoka. Wambeti akatapika. Akatapika ute, akatapika nywele, akatapika donge la pamba, ile ya kuzibia maiti pua, limelowa bado. Ptuu! Harufu ikaisha, wakamshukuru Mungu, wakaenda nyumbani.

Mtoto akazaliwa, mvulana, akapewa jina la marehemu babake Njiru, Ngari, kama ilivyo desturi. Kasoro ni moja tu: hakunyonya. Akipewa titi aligeuza uso kwa kinyaa, na alicholishwa kwa mpira hospitalini alikitapika chote. Alikuwa anakwisha. Siku moja, wakiwa wamerudi nyumbani, mamake Njiru akambeba, akimbembeleza kwa utani wa nyanya na mjukuu: "Mume wangu, nyonya basi. Unataka kuniacha mjane mara ya pili?" Mtoto hakufungua hata jicho.

Mchana huo akaingia ajuza wasiyemjua, miguu imejaa vumbi la nyanda za chini. Hakubisha hodi. Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mamake Njiru, polepole, kama mtu anayechukua chake, akamnusa utosini.

"Wewe ni nani?" Wambeti akauliza.

"Mke wa Runji. Alinijia kwa ndoto, akaniambia ameitwa Runyenjes." Akamtazama mtoto, akatabasamu. "Mume wangu, umekonda. Kwani wanakupatia maziwa tu?"

Akachovya kidole chenye ukucha mweusi katika kikopo cha ugoro, akakitia kinywani mwa mtoto. Mtoto akakibana kwa fizi, akafumba macho, akakinyonya kwa pupa, maji meusi yakimtiririka kidevuni. Wambeti akanyoosha mikono kumnyang'anya, kisha akairudisha, kwa sababu mwanawe alikuwa anakula.