Ukuta Uliokosa Pumzi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere alifagia duka la shangazi yake, fundi cherehani, kisha akapangusa vumbi kwenye meza na makabati. Jina hilo la utani lilimfaa, maana hakuweza kukaa tuli.

Duka lilikuwa chini ya jengo kongwe la matofali mekundu. Madirisha yake yalikuwa na matao, na karibu na dari waashi wa zamani waliacha safu ya matundu madogo kati ya matofali. Vumbi la barabarani lilipitia humo. Siku moja shangazi alipotoka, Kiherehere alipanda ngazi, akayaziba yote kwa vipande vya kitambaa chekundu, visionekane.

“Nimepona!” alijisemea.

Mvua zilipoanza, ukuta ukatoka jasho. Ukungu mweusi ukatambaa nyuma ya kabati, na nguo za wateja zikanuka uvundo. Shangazi akaanza kukohoa. Daktari alimwambia chumba anachofanyia kazi kina unyevu mno.

“Jengo limechoka,” shangazi alisema. “Nitahama. Heri kibanda kikavu kuliko uzuri unaoniua.”

Kiherehere akakumbuka matundu aliyoyaziba. Tangu hapo hakutulia kabisa. Alitoka, akaingia, akatoka tena. Shuleni hakusikia lolote. Kila shangazi alipokohoa, yeye aliruka kama aliyechomwa sindano.

Siku shangazi alipoanza kufunga mizigo, uvumilivu ulimwishia.

“Shangazi, usihame! Ni mimi niliyeziba!”

“Umeziba nini, mwanangu?”

“Matundu ya juu. Nilikuwa nakwepa kupangusa.”

Shangazi aliinua macho, akayakazia matundu. “Kumbe! Tena kwa kitambaa changu?” Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Kiherehere akaangua kilio.

Hawakupoteza muda. Walizibua tundu moja baada ya jingine, wakasugua ukungu, wakalisogeza kabati mbali na ukuta. Taratibu matofali yakakauka. Shangazi akamaliza dawa zake, kifua kikatulia, na mizigo ikafunguliwa.

“Waashi wale hawakuishiwa matofali,” shangazi alimwambia wakipanga nguo. “Waliacha njia ya hewa, kwa sababu hewa safi ni afya. Ulipoziba ulikosea kwa kutojua, na hilo nilikusamehe palepale. Lakini ulijua, ukanyamaza huku nikiugua. Kosa likisemwa mapema, mwanangu, halipati nafasi ya kumuumiza mtu.”