Mkanda Uliojifunga

Syombua ndiye aliyeona kwanza. Kile kiti cha gari la mashindano, kilichowekwa sebuleni mwao mtaani Mowlem, Nairobi, kikingoja mnunuzi, kilikuwa kimefungwa mkanda.

"Baba Nzisa, ni wewe umefunga hii kitu?"

Kimanzi, mumewe, alikana. Akaufungua, akaenda kuoga. Aliporudi mkanda ulikuwa umefungwa tena, umekazwa kana kwamba kuna mtu ndani yake. Nyumba nzima ilinuka petroli.

Mwaka huo wa 1999 Kimanzi alikuwa karani mjini, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari. Kazi ikiisha, aliikalia kompyuta ya ofisi akawatumia barua pepe wapenzi wenzake wa mbio za magari: nina turbo, nina springi, nina kiti, vyote vimetumika ila ni vizima. Alivitoa kwenye gari moja lililopinduka na kumuua dereva. Hilo hakuliandika.

Okoth, fundi wa magari wa mtaa wa Mbotela, alikuwa amemwonya. Gari likiua, hufungui hata nati moja kabla hujafungua mlango wa dereva na kumwambia marehemu: shuka, tumefika. Mafundi wote wa pale walifanya hivyo. Lakini mlango wa gari hilo ulikuwa umekwama, na Kimanzi ni mtu wa haraka zake. Alicheka, akaagiza paa likatwe, vitu vikatolewa kwa juu.

Aliyenunua kiti ni mdogo wake mwenyewe, Nzivo wa Thika. Alikuja kukichukua Ijumaa ili akifunge kwenye gari lake, na Kimanzi, Mungu amsamehe, alifurahi kukiona kikitoka. Hakumwambia kitu.

Jumatatu, ofisini, akazikuta barua pepe za wateja. Mwenye turbo alisema akiwasha gari anasikia mtu akigonga. Mwenye springi alisema kuna sauti inayolalamika nyuma yake kwamba mlango umekwama. Wawili hao hawakujuana. Kimanzi alimpigia Nzivo, simu ikalia bila kupokewa, akapiga tena, kisha akatoka mbio na tai yake shingoni mpaka Mbotela, akamshika Okoth mkono, akamsihi waufungue ule mlango hata sasa, hata kwa kuuvunja.

"Mlango gani?" Okoth alinong'ona bila kumtazama. "Si niliuzia watu wa majiko. Walishaupiga nyundo ukawa majiko, bana. Saa hii kuna watu wanaupikia."

Alasiri hiyo Nzivo alikuja mwenyewe. Gari lilisimama mbele ya ploti ya kina Kimanzi, injini ikinguruma, naye hakushuka. Kimanzi alikimbia akaufungua mlango wa dereva, ukafunguka vizuri, wazi kabisa, akaukata mkanda kwa kisu cha jikoni, akamvuta mdogo wake kwa nguvu zake zote, na Nzivo hakusogea hata kidogo, jasho likimtiririka, harufu ya petroli ikizidi, na macho aliyomtazama nayo kaka yake yalikuwa ya mtu asiyemjua.

"Shuka," Kimanzi alisema huku akilia. "Shuka, tumefika."

"Nitashukaje, mzee?" iliuliza kwa upole sauti isiyo ya Nzivo. "Mlango umekwama."