Anayebisha Kifuani mwa Harith

Harufu ya tope la mto ndiyo iliyotangulia, ndani ya nyumba kavu kabisa. Mwanatumu alifagia, akafukiza ubani, harufu ikabaki palepale. Asubuhi hiyohiyo mumewe Harith alianguka akipalilia migomba, macho yamegeuka, midomo ya kijivu. Punde akazinduka na kuuliza nani amemsukuma.

Hadi jioni alikuwa ameanguka mara tatu. Mganga Dabaso alimshika kifundo cha mkono, akangoja, akangoja sana, kisha akakiachia upesi.

"Jini wa mto amempanda," alinong'ona. "Msimvushe maji kabla jini hajataja jina."

Basi ngoma ikapigwa siku nne, mgonjwa akizidi kulegea. Sisi watu wa Ndera tuna adabu kupita kiasi. Hata jini tunamngoja ajitambulishe. Hakujitambulisha. Siku ya tano Mwanatumu alimlaza mumewe mtumbwini, akamvusha mwenyewe, wakapata gari la Garsen.

Kwenye kituo cha afya, Christine, daktari wa zamu, alimbandika Harith waya kifuani. Alipotazama mashine, uso ulimbadilika.

"Mama, moyo una vyumba vya juu na vya chini. Vya juu hutoa amri, vya chini husukuma damu. Njia ya katikati imekatika. Juu wanabisha, chini hawasikii, wanajipigia tu mara ishirini na nane kwa dakika. Ndiyo maana anazimia."

"Hakuna dawa?"

"Nimemdunga, haikusaidia. Anahitaji kifaa cha kuushtua moyo, kinawekwa chini ya ngozi. Mombasa wanaweka, na watu wanarudi kulima."

"Si twende sasa!"

"Mafuriko yalikata barabara ya Mombasa jana, mama. Mngekuja juzi..."

Mwanatumu aliishika miguu ya mumewe, baridi, akajichukia kwa kila siku aliyoitikia ngoma.

"Mama Hanan," Harith alimwambia mkewe polepole, "kuna mtu amenikalia hapa."

Hakusema tena. Christine alimkandamiza kifua, akakandamiza mpaka jasho likamdondoka, mpaka muuguzi akampokea na yeye naye akachoka, na muda wote huo harufu ya tope ilikuwa ikipanda kutoka kitandani, na kwenye kioo cha mashine mapigo makubwa yalikuwa yametoweka, vikabaki vilima vidogo tu, kimoja baada ya kingine.

"Si bado anapiga?" Mwanatumu alinong'ona.

"Ni vyumba vya juu tu, mama. Vitanyamaza. Ameshatutoka."

Christine alibandua waya zote, moja moja, akaziweka mezani.

Vilima vikaendelea kupita.