Jibu la Dakika Kumi Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu mmoja fundi, na mpaka leo ukimgusia anakasirika. Katika vyumba vya baridi vya ghala alifunga vifaa vinavyohesabu watu kwa joto la mwili. Betri zikawa zinakwisha upesi, basi akavipanga visinzie: kifaa kihesabu kila dakika moja, kilale, kisha kitume kila jibu dakika kumi baadaye.

Mtunza ghala alikuwa shemeji yake, na hawaivi chungu kimoja.

“Mtu akinaswa humo, nitapata habari akishakuwa barafu.”

“Basi panda ngazi wewe, ubadilishe betri kila wiki.”

Asubuhi moja fundi alifungua chumba cha tatu, kitupu, chenye mlango mmoja, akaingia kukaza kifaa kilicholegea. Taa ilikuwa imeungua. Feni zilinguruma, zikazima, na katika kimya kile akasikia mtu anavuta pumzi nyuma ya shingo yake.

“Acha upuuzi, shemeji.”

Akatoka mbio, akapiga kufuli. Shemeji alikuwa ofisini, miguu juu ya meza.

“Unanichezea?”

“Nikuchezee wewe? Sijainuka hapa.”

Wakakaa wamenuniana mpaka kompyuta ikalia. Chumba cha tatu, dakika kumi nyuma: watu wawili.

Shemeji akanyakua funguo. “Umemfungia nani humo?”

Kabla hajafika mlangoni, likaingia jibu la pili, la mara tu baada ya kufuli kupigwa. Chumba cha tatu: hakuna mtu.

Shemeji akaziweka funguo chini taratibu, macho yake yametua nyuma ya shingo ya fundi.